Surf ya Raskazone au ya Dar? Jibu kwa mfanyabiashara wa viungo wa Muheza

Swali: "Shikamoo fundi. Nakaa Muheza, nafanya biashara ya viungo. Karibu kila wiki napanda Amani kuchukua iliki na pilipili manga, nashusha Tanga mjini. Nataka gari litakalonipandisha masika na kiangazi. Nimeonyeshwa Toyota Hilux Surf mbili. Moja ipo Raskazone, pale ufukweni Tanga, ya 1998, dizeli, kwenye kadi imeandikwa KZN185. Nyingine ipo Dar, ya 2005, petroli, TRN215, na bei yake imesimama juu zaidi. Kaka yangu ananikataza zote. Anasema Toyota waliacha kutengeneza Surf kwa sababu ya ubovu, na spea zake zimekwisha. Ni kweli? Nichukue ipi?"

Marahaba, binti yangu. Kaka yako anakuonea huruma na pesa yako, na hilo ni jema, lakini kwa habari ya Surf kadanganywa. Gari hili halikuachwa kwa ubovu. Nianze hapo hapo, maana ukishajua lilitoka wapi, utajua pia unanunua nini na spea utazipata kwenye duka lipi.

Surf ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Toyota walichukua pikapu ya Hilux, ile ile ya kubebea mizigo, wakaweka viti nyuma na kuifunika kwa paa la faiba linalofunguliwa kwa boliti. Kwa Wamarekani ikaitwa 4Runner. Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa huko: kampuni ya Winnebago, inayojulikana kwa magari ya kupigia kambi, ilikuwa ikiigeuza Hilux kuwa gari la familia lililoitwa Trekker, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Toyota wakaona watu wanalipenda, wakatengeneza la kwao. Surf ya pili ikaja 1989 na paa la bati la kudumu na springi za koili nyuma. Hizo mbili zilikuwa bado Hilux waziwazi. Ukizipanda unajua umepanda pikapu iliyovalishwa vizuri.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwishoni mwa 1995, na ndiyo Surf hiyo ya Raskazone. Hapo Surf iliachana na pikapu, ikahamia kwenye chesisi iliyo ndugu wa tumbo moja na ya Prado 90, Prado ambayo yenyewe ilitoka mwaka uliofuata. Springi za koili mbele na nyuma, usukani wa reki, na injini zile zile za Prado. Mwaka 2002 ikatoka Surf ya nne, yaani hiyo ya Dar, na safari hii ndugu yake akawa Prado 120. Kwa hiyo fundi akilala chini ya Surf yako, vitu vingi anavyovigusa ni vya Prado: injini, giaboksi, difu, bushi nyingi. Nenda Kariakoo au Ilala uulize vitu vya injini ya Prado ya zamani, hakuna atakayekushangaa. Vinavyosumbua kupatikana ni vya bodi: taa za nyuma, bampa, vioo, plastiki za ndani. Hivyo ni vya Surf peke yake, na ukigongwa nyuma utatafuta. Kwa hilo kaka yako ana kipande cha ukweli.

Kilichoiondoa sokoni ni wateja wa Japani kuhama. Toyota wenyewe walitoa RAV4 mwaka 1994 na Harrier mwaka 1997, magari yenye sura ya juu lakini yaliyojengwa kama saluni, bodi na chesisi kitu kimoja. Ni laini, mepesi, hayali mafuta sana, na mtu wa Nagoya anayekwenda ofisini kwenye lami hana haja ya chesisi ya chuma chini ya miguu yake. Kisha sheria za moshi wa dizeli zikakazwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwa miji mikubwa kama Tokyo na Osaka, na Surf za dizeli zikawa mzigo kwa wenyewe. Nyingi zilizofika Afrika zilifukuzwa na sheria hizo zikiwa bado na nguvu zake. Dizeli ikaondolewa kwenye Surf kabla ya Surf yenyewe kusitishwa. Mwishowe Toyota wakabaki na magari mawili yanayofanana, Surf na Prado, yakigombea mteja yule yule. Prado ina viti vya nyuma kabisa, inabeba watu 7 au 8; Surf ya Japani inabeba 5. Mwaka 2009 wakaendelea na Prado mpya, Surf wakaikatisha. Marekani jina la 4Runner linaendelea hadi leo, ila kwa usukani wa kushoto.

Shika hilo la 2009. Hakuna Surf ya usukani wa kulia iliyotengenezwa baada ya hapo. Dalali akikuambia ana "Surf ya 2011", huenda anataja mwaka lilipoingia nchini au mwaka lilipoandikishwa, au anakupima akili. Mwaka wa gari usiuchukue mdomoni mwa mtu.

Sasa tuje Tanga yetu, maana hapa ndipo penye jambo. Adui wa Surf pwani yetu ni kutu, na nakuomba uichukulie kwa uzito kuliko injini, kuliko rangi, kuliko rimu. Injini ikifa utanunua nyingine, mtafunga, utaendelea. Chesisi ikiliwa, gari limekwisha hata kama linawaka kwa funguo moja. Gari lililolala Raskazone miaka mingi linapumua chumvi usiku kucha. Na kabla hata ya kufika kwetu, inawezekana liliishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi juu ya chumvi. Toyota wenyewe walikwishalipia kutu ya chesisi: mwaka 2008 waliongeza dhamana ya chesisi za pikapu zao za Tacoma huko Marekani, za 1995 hadi 2000, hadi kufikia miaka 15. Tacoma hizo ni za kizazi kimoja na Surf ya 185.

Kwa hiyo usiliangalie gari lile barazani kwa mwenyewe. Lipeleke gereji yenye shimo, uingie pamoja na fundi wako, mkiwa na tochi na nyundo ndogo. Anzia nyuma. Pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma tope hukaa ndani na halitoki, na chuma huliwa kutokea ndani kuja nje, kwa hiyo usidanganywe na rangi nyeusi nzuri ya nje. Gonga kidogo kidogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na kikizidi kuoza nyundo inaacha alama au inapenya. Gonga pia pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhikwa kwenye chesisi, na vikombe vinavyokaliwa na springi. Ukiona rangi nzito mpya imepakwa sehemu moja tu, hapo hapo mwambie fundi aikwangue. Ukikuta bati limechomelewa juu ya chesisi kama kiraka, shukuru, panda juu, nenda zako nyumbani. Sisemi "ongea bei". Ondoka.

Uliza pia gari lilikuwa linafanya kazi gani. Surf ina nafasi kubwa nyuma, na wapo walioibebea samaki kutoka Deep Sea au Kipumbwi. Maji ya barafu ya samaki yanapenya chini ya zulia na kukaa juu ya sakafu. Inua zulia la nyuma, ondoa kifuniko cha plastiki pembeni, chungulia na unuse. Pua yako itakujibu kabla ya fundi.

Kuhusu injini ya hiyo dizeli: ni 1KZ-TE, silinda 4, sentimita za ujazo 2982, yenye tabo. Naipenda injini hii na sitaficha. Ina nguvu ya chini, inavuta mzigo mlimani bila kupiga kelele nyingi, na haichagui sana dizeli. Ila ina kasoro moja ambayo mafundi wote wanaijua: hedi yake, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, ni ya aluminiamu, na injini ikichemsha inapasuka. Na inachemsha kwa sababu ndogo ndogo zilizopuuzwa: rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta kilichochoka, au klachi ya feni. Feni yake ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Yakikauka feni inazunguka kivivu. Kwenye tambarare ya Tanga hadi Pongwe hutagundua. Utagundua ukiwa na magunia, umeanza kupanda Amani, gia ya chini, upepo hauingii mbele.

Kwa hiyo lipime hivi. Nenda asubuhi bila kumpa muuzaji nafasi ya kuliwasha kabla. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, kisha mtu aliwashe. Maji yakitoa mapovu mfululizo hata baada ya dakika kadhaa, hewa ya silinda inaingia kwenye maji: hedi au gasketi. Angalia na rangi ya maji. Kama gari ni la otomatiki, mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo, na rejeta kuukuu ikipasuka kwa ndani vitu viwili huchanganyika. Utaona maji ya waridi, mazito, kama maziwa ya stroberi. Hapo giaboksi nayo imeshakunywa maji, na mazungumzo yamekwisha. Kama maji ni safi, funga, endesha hadi kwenye kilima chochote chenye heshima, gari likiwa na watu. Ukirudi, lizime na uzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo bila kukaza, klachi imekufa. Si ghali kubadili, lakini jiulize imekufa tangu lini na hedi imepitia nini.

Kuna na mkanda wa timing, ule unaofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake. Kwenye dashibodi ya 1KZ ipo taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka gari likitimiza kilomita 100,000 ili mkanda ubadilishwe. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo iwake pamoja na nyingine. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliitoa balbu ili asisumbuliwe, na huyo mtu hakubadili mkanda. Mkanda ukikatika unaua injini.

Jambo jingine la 185, na hili ni la uhai wako, si la pesa. Mbele, kwa chini, gurudumu limeshikwa na bolijointi ambayo uzito wa gari unaivuta badala ya kuikandamiza. Ikichoka haisagiki polepole na kukuonya kwa kelele muda mrefu. Inachomoka, na gurudumu linalala upande. Kwenye kona za kushuka Amani au Lushoto sitaki hata kufikiria. Inua mbele kwa jeki, fundi atie mtaimbo chini ya tairi aunyanyue. Kukiwa na mchezo wowote, badilisha zote mbili, kulia na kushoto, na kwa hizo usinunue za bei rahisi. Hii ni spea moja ambayo nawaambia watu wote waweke ya Toyota yenyewe hata kama wataacha kupaka rangi gari mwaka mzima.

Hiyo ya Dar ni habari tofauti. TRN215 ina injini ya 2TR-FE, petroli, sentimita za ujazo 2693, inayotumia cheni badala ya mkanda. Injini hiyo hiyo ipo kwenye Prado 120 na kwenye Hiace, kwa hiyo spea zake zimejaa na mafundi wameizoea. Haina tabo, haina nozeli za bei ya kutisha, haina hedi yenye sifa mbaya. Ubaya wake utauona kituo cha mafuta. Gari lina uzito wa karibu tani 2, injini ni ya silinda 4, na mlimani lazima uikanyage. Itakula petroli kuliko Harrier au RAV4 ya jirani yako, na kuliko hiyo dizeli pia. Piga hesabu ya safari zako za wiki kwa bei ya petroli ya Muheza kabla hujatoa shilingi ya kwanza, usije ukaipenda ikakulia faida ya iliki.

Kama hiyo ya Dar ni toleo la SSR-G, chungulia shokapu. Baadhi zina mfumo wa X-REAS, ambao shokapu ya mbele kushoto imeunganishwa kwa bomba la mafuta na ya nyuma kulia, na nyingine vivyo hivyo. Ni mfumo mzuri sana ukiwa mzima, gari halilali kwenye kona. Ukivuja, seti ni ghali, na wengi huzitoa na kufunga shokapu za kawaida. Gari linatembea vizuri tu bila yake. Tumia mvujo huo kushusha bei, usiutumie kuliacha gari.

Umenitajia dizeli moja tu, lakini huenda dalali akakuletea ya tatu: KDN185 au KDN215. Hiyo ni 1KD-FTV, dizeli ya kisasa ya D-4D yenye nguvu kushinda 1KZ. Kwa matumizi yako siitaki. Washa za shaba zinazoziba chini ya nozeli zikichoka, moshi unapenya ndani na kugeuza oili kuwa masizi, masizi yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini inanoki siku unayoiamini zaidi. Inataka dizeli safi na fundi mwenye mashine ya kupimia. Muheza, sijui kama ungeipatia vyote viwili kila siku.

Kuhusu foowili: nyingine zina mfumo wa kuchagua ambao unaweza kukaa kwenye magurudumu manne hata juu ya lami, kwa sababu kuna difu ya katikati, inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Nyingine, hasa za SSR-X za zamani, hazina difu hiyo. Ukiiacha kwenye magurudumu manne juu ya lami kavu zinajikaza na kuumia. Mwambie muuzaji akuonyeshe ya kwake ikiingia na kutoka, ya juu na ya chini. Ya chini hasa. Ile ndiyo utakayoishukuru udongo wa Amani ukilowa, na gari ambalo halijawekwa gia ya chini miaka kadhaa mara nyingi linagoma kuingia.

Na kioo cha nyuma. Hiki ndicho kitu kinachoitambulisha Surf tangu ya kwanza: kioo cha mlango wa nyuma kinashuka kwa mota ya umeme na kuzama ndani ya mlango. Kwa biashara yako ni baraka, unachomeka gunia la mwisho bila kufungua mlango wote. Lakini maji ya chumvi yanaingia pale chini na kuua mota na reli zake, kwa hiyo kishushe na kukipandisha mara kadhaa, usikilize kama kinakwama njiani. Ukilinunua, usiendeshe kioo hicho kikiwa wazi na vingine vimefungwa. Moshi wa ekzosi unavutwa kuingia ndani, hauuoni, na unalewesha. Abiria wa nyuma akilalamika kichwa kinamuuma, usimwambie ni kona.

Basi nichague kwa niaba yako. Kama ningekuwa baba yako mzazi, ningekupeleka Dar. TRN215 iliyo kavu chini, yenye foowili inayoingia, inakufaa kuliko dizeli ya 1998 iliyolala ufukweni, hata kwa hesabu ya petroli, kwa sababu kila wiki unaisimamisha biashara yako juu ya gari hilo na huna siku ya kulaza mzigo gereji. Lakini nenda kwanza Raskazone na nyundo yako. Ikiwa chesisi ya KZN185 ni nzima kwelikweli, maji hayatoi mapovu, na mwenyewe ana kumbukumbu ya mkanda, basi chukua hiyo, weka pembeni tofauti ya bei, na uitumie wiki ya kwanza kubadili bolijointi, rejeta, klachi ya feni, mkanda, na oili zote. Sijakutana na Surf nyingi za pwani za umri huo zinazofaulu mitihani yote hiyo. Zipo, na zikipatikana ni gari la kutunza.

Yoyote utakayochukua, linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, upande wa kulia mbele karibu na gurudumu, na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Angalia kama linadaiwa faini za barabarani, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujamalizia pesa. Usishawishike na Surf ya bei chee yenye namba za Kenya iliyovuka Horohoro. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Surf zilizobaki kule zimezeeka kama za kwetu, na hilo la kwako litakuwa bado linadaiwa ushuru wa huku. Baada ya hapo, kila ukirudi kutoka mjini kwenye upepo wa bahari, lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa pale juu ya ekseli ya nyuma, na mara moja kwa mwaka, masika yakiisha na chuma kikishakauka, fundi alipake mafuta mazito ndani ya chesisi kupitia yale matundu ya pembeni.